Fizikia ya Mpemba

Makala za sayansi kwa kawaida hazisimulii nani alimcheka nani. Zinaeleza kilichopimwa, kilivyopimwa na kilichopatikana, basi. Ndiyo maana makala moja iliyochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education la Uingereza inasomeka hadi leo kama hadithi. Waandishi wake ni wawili: Erasto Mpemba, kijana aliyekuwa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka, juu ya mji wa Moshi, na Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Nusu ya kwanza ni sauti ya kijana akisimulia mambo ya shuleni. Nusu ya pili ni sauti ya mhadhiri akieleza majaribio. Hakuna aliyejaribu kuzichanganya sauti hizo mbili ziwe moja.

Nimeirudia makala hiyo mara kadhaa mwaka huu. Ninasoma shahada ya uzamili ya elimu, na darasani kwetu haipiti wiki bila mtu kusema kwamba mwalimu bora ni yule anayeanzia kwenye mambo yanayomvutia mwanafunzi. Mfano unaotolewa mara nyingi, kwa kuwa ni wa kwetu, ni huu wa Mpemba na aiskrimu yake. Ninaamini mfano ni mzuri sana. Ninaamini pia kwamba tunausimulia vibaya, na kwa kuusimulia vibaya tunaficha jambo ambalo shule zetu zinalihitaji.

Kwanza hadithi yenyewe. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na mchezo wao wa kutengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe, halafu unayatia kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa ndogo, wenye hamu walikuwa wengi. Siku moja mwenzake aliwahi nafasi kwa kuweka mchanganyiko wake bila kuuchemsha. Mpemba akaona akisubiri yake ipoe atakosa pa kuweka, akaiweka ikiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya kwake ilikuwa imeganda. Ya mwenzake ilikuwa bado ni uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezi kutokea. Akakubali. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga akamwambia kwamba yeye hutia mchanganyiko wa moto kwenye jokofu kwa makusudi, ili ugande haraka, na Mpemba akagundua kwamba wauzaji wengine wa Tanga wanafanya vivyo hivyo. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akafundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, akauliza tena. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilikuwa na jina la kumpa: hisabati ya Mpemba.

Hakunyamaza. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi na haina mtu, akachukua vyombo viwili, kimoja cha maji ya bomba na kingine cha maji ya moto, akaviweka kwenye jokofu. Kisha Osborne akaja shuleni kutoa mhadhara, na wanafunzi walipopewa nafasi ya kuuliza, Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote. Kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi joto 100 yanaganda kabla ya yale yaliyoanza na 35? Wenzake waliona amewaaibisha. Mgeni hakucheka. Alimuuliza kama kweli amelijaribu, akaahidi kwenda kulijaribu mwenyewe. Alipofika Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaripoti kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Hilo la fundi huwachekesha watu kila linaposimuliwa. Mimi ninaona ndilo linaloeleza vizuri zaidi jinsi tunavyofundishwa. Jibu sahihi lipo tayari mahali fulani, na kazi ya kupima ni kulifikia.

Sasa tazama inavyosimuliwa katika semina zetu. Mvulana alipenda aiskrimu, akapenda sayansi, akaitangaza nchi yake. Somo kwa walimu: tumia vitu wanavyovipenda wanafunzi. Lakini soma makala tena ukihesabu mahali ambapo mvulana huyo alijifunza. Alijifunza kwenye jokofu la shule akigombania nafasi. Alijifunza kwa wachuuzi wa Tanga. Alijifunza katika maabara isiyokuwa na mwalimu. Baadaye, ili aoneshe wenzake, mkuu wa jikoni wa shule ndiye aliyemwachia jokofu kwa muda. Mtu wa kwanza mwenye mamlaka ya kielimu aliyelichukua swali lake kwa uzito alikuwa mgeni aliyekuja kwa mhadhara mmoja na kuondoka. Darasa lilikuwepo muda wote huo, na kazi lililoifanya ni kumzuia. Mwenyewe Osborne anamalizia kwa kuonya juu ya fizikia ya mabavu, ile ambayo mwenye cheo akisema haiwezekani, basi haiwezekani.

Kwa hiyo makala hii si ushahidi kwamba shule zetu huchukua yanayomvutia mwanafunzi zikayafanya elimu. Ni ushahidi wa kilichotokea pale shule ilipokataa, na mwanafunzi akawa king'ang'anizi kuliko shule. Hatuwezi kupanga mtaala kwa kutegemea ung'ang'anizi wa namna hiyo. Kwa kila Mpemba mmoja aliyeuliza mara tatu, hatujui ni wangapi waliouliza mara moja tu.

Wazee wa Uchagani wanasimulia kwamba Mawenzi alikuwa akienda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa la moto, moto wake ukiwa umezimika. Akaenda tena, na tena, mpaka Kibo akachoka, akampiga kwa mchi. Ndiyo maana hadi leo kilele cha Mawenzi kimechongoka na kupasukapasuka, na Kibo ametulia na theluji yake kichwani. Wanaoisimulia wengi huwa upande wa Kibo: Mawenzi alikuwa mvivu, alizidi kuomba. Kwa mwalimu ni hadithi ya kufikiria upya. Kuna wanafunzi wanaokuja kuomba moto, na tunawarudisha wamechanika.

Kuna namna mbili za kutumia kinachomvutia mwanafunzi, na tatizo letu ni kuziita kwa jina moja. Namna ya kwanza ni chambo. Mwalimu anajua atakakofika kabla hajaingia darasani. Anatafuta kitu ambacho watoto wanakipenda, anakitundika kwenye ndoana, wakishauma anawavuta kule alikokuwa akienda tangu mwanzo. Simba imefunga mabao 3, Yanga mabao 2, tafuta wastani. Mpira hauna kazi yoyote katika hesabu hiyo. Ukiweka mbuzi na kondoo mahali pa Simba na Yanga, hesabu haibadiliki hata nukta. Mwanafunzi anayependa mpira anaujua ujanja huo kabla ya kumaliza kusoma swali, kwa sababu anayoyajua kuhusu mpira hayakuulizwa.

John Dewey aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha mwaka 1913 kuhusu hamu na juhudi katika elimu alisema kwamba ukiona inabidi kitu kifanywe kivutie, maana yake hamu yenyewe haipo. Kukipaka sukari hakukibadilishi.

Namna ya pili ni kuruhusu kitu anachokijua mwanafunzi kigeuze mwelekeo wa somo. Hapo mwalimu anaingia akiwa na lengo, lakini swali likija kutoka upande asioutegemea, analipa nafasi ya kupimwa. Kipimo cha kuzitenganisha namna hizi mbili ni rahisi: kiondoe kile kitu cha mwanafunzi. Kama somo linabaki vilevile, kilikuwa chambo. Kama somo linavunjika, kilikuwa sehemu ya elimu. Ondoa aiskrimu katika hadithi ya Mpemba, hakuna kinachobaki.

Nchi hii ina andiko lake juu ya suala hili. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Kila aliyesoma ualimu amelikuta, na wengi wetu tunalikumbuka kwa neno moja: shamba. Shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi wazalishe, elimu isimtenge kijana na watu wa kijijini kwake. Wengi hawakumbuki kwamba Mwalimu alitaka pia wanafunzi wenyewe washiriki kuamua: walime nini, wafanyeje, mapato yatumikeje, na wajifunze kutokana na makosa ya maamuzi yao. Katika shule nyingi shamba lilibaki, uamuzi ukaondoka. Waliosoma miaka hiyo wanayakumbuka majembe kuliko mijadala. Maisha ya mwanafunzi yaliingia shuleni kama kazi ya mikono, hayakuingia kama maswali.

Ndiyo sababu ninayasoma maneno ya leo kwa tahadhari. Mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 ulituhamishia kwenye umahiri, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024, baada ya Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo, imelikazia jambo hilo pamoja na mkondo wa amali. Karibu kila waraka unamweka mwanafunzi katikati ya ujifunzaji. Sina ugomvi na maneno hayo. Ninauliza tu mwanafunzi akishawekwa katikati anaruhusiwa kufanya nini akiwa hapo.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, nilikaa nyuma ya darasa la biolojia katika shule moja ya mlimani, nikiangalia somo la mwenzangu. Mada ilikuwa vimeng'enya. Mezani palikuwa na uji mwepesi wa wanga, mate ndani ya kichupa, na iodini, ili waone wanga ukipotea kadiri mate yanavyoufanyia kazi. Somo lilikuwa limeandaliwa vizuri. Katikati yake msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa Kiswahili: "Mwalimu, mbona bibi akipika mbege lazima ulezi aulowekee mpaka uote? Ule usioota kwa nini haufai?"

Watu wa huku wanaijua kazi hiyo. Ndizi mbivu zinachemshwa, zinaachwa zichachuke. Ulezi unalowekwa, unaota, unaanikwa, unasagwa, unapikwa uji, kisha unachanganywa na maji ya ndizi, na wengine hutia gome la msesewe ili kupata uchungu. Bibi aliyekaa na kazi hiyo miaka 40 hawezi kukubali ulezi usioota. Na sababu yake ndiyo hasa iliyokuwa mezani asubuhi ile. Mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari, kwa kuwa mche mchanga unahitaji chakula. Ulezi ulioota huja na vimeng'enya hivyo, na hamira hupata sukari ya kula. Ni kazi ileile ya mate.

Msichana alielekezwa aulize kwa Kiingereza. Alisimama kidogo, akasema "Please, my grandmother...", akakaa. Wengine wakacheka, si kwa ubaya. Somo likaendelea na likafika lilikokuwa linakwenda.

Simlaumu aliyekuwa akifundisha. Kanuni ya lugha aliikuta, muda wa kipindi aliukuta, na mitihani ya Baraza haiulizi mbege. Ninalolisema ni kwamba hamu ya mwanafunzi ina lugha yake. Binti yule alikuwa na maneno yote aliyoyahitaji: kulowekea, kuota, kuanika, kuchachuka. Hayo ni maneno ya mchakato, yanaeleza hatua kwa hatua kile ambacho kitabu kinakiita shughuli ya vimeng'enya. Kwa kumhamisha lugha kabla ya kumsikiliza, tulimnyang'anya elimu aliyokuja nayo, kisha tukataka ashiriki. Mjadala wa lugha ya kufundishia tunaufanya kwa kawaida kama mjadala wa heshima ya taifa au wa soko la ajira. Ungefaa ufanyike pia kama mjadala wa maswali: ni maswali gani hayaulizwi kabisa kwa sababu muulizaji hana Kiingereza chake?

Na tazama jinsi gharama ilivyokuwa ndogo. Iodini ilikuwepo. Vilihitajika vijiko viwili vya unga wa ulezi, ulioota na usioota, na uji vuguvugu. Uji uliotiwa unga wa ulioota hulegea kwa dakika chache. Akina mama wengi wanalijua hilo kwa jina la kimea, na wataalamu wa lishe wa Tanzania walikuwa wakilifanyia utafiti tangu miaka ya 1980, ili watoto wadogo wapewe uji wenye nguvu lakini unaomezeka. Swali la binti lilikuwa linatoka jikoni kwa bibi, linapitia mezani pa maabara, linakwenda mpaka kliniki ya watoto. Njia yote hiyo ilikuwa wazi.

Zipo hoja mbili za kupinga, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni idadi. Darasa la wanafunzi 70 si ajabu katika shule zetu. Mwalimu atajuaje yanayowavutia wote 70? Hawezi, na hahitajiki. Wazo kwamba kila mwanafunzi apewe somo lililoshonwa kwa kipimo chake limetoka mahali penye wanafunzi wachache na kompyuta nyingi. Kinachowezekana hapa ni kidogo zaidi: swali moja kwa wiki, lililotoka kwa mwanafunzi, lipewe dakika zake na lipimwe. Wale 69 wengine hawatajifunza ulezi tu. Watajifunza kwamba katika chumba hiki swali linaweza kuuliza likashughulikiwa. Hilo ndilo Osborne aliloliondoa Mkwawa na aibu yake, kwa jibu fupi la mtu anayekwenda kupima.

Hoja ya pili inanisumbua zaidi. Ukimfundisha mtoto kwa mambo ya kwao, hutamfungia kwao? Mtoto wa mgumu anayepandisha mzigo wa kilo 20 mlimani afundishwe uzito kwa mizigo ya watalii. Mtoto wa mama muuza nyanya wa soko la Mbuyuni afundishwe faida na hasara kwa nyanya. Kabla hujageuka umewagawia kazi za wazazi wao na kuiita hiyo ni heshima. Historia ya elimu ya kikoloni imejaa watu waliosema kwamba mtoto wa Kiafrika afundishwe yanayomfaa, wakimaanisha asifundishwe mengine. Wazazi wa Kilimanjaro, waliouza kahawa ili watoto wasome, walikuwa na sababu ya kutaka Kilatini na kanuni za Newton kama watoto wa wengine.

Ninaikubali hatari hiyo. Jibu lake lipo katika makala ileile. Mpemba hakuuliza kuhusu aiskrimu ili abaki kwenye aiskrimu. Aliuliza siku aliyofundishwa Newton, kwa kuwa Newton na aiskrimu havikupatana kichwani mwake. Alikuwa anataka kuingia ndani ya fizikia ya ulimwengu akiwa na alichokiona kwa macho yake, na aliambiwa achague kimojawapo. Mambo ya mwanafunzi yanakuwa kifungo pale mwalimu anapoyachagua kwa niaba yake kwa kuangalia mzazi wake anafanya kazi gani. Yanakuwa mlango pale anapoyaleta mwenyewe, kama swali. Luis Moll na wenzake wa Tucson, Arizona, walichapisha mwaka 1992 kazi kuhusu walimu waliozitembelea familia za wanafunzi wao ili kujifunza kwao. Mwalimu mmoja aligundua kwamba mwanafunzi wake anauza pipi za kutoka Meksiko. Somo lililotokana na pipi hizo halikuwa somo la uchuuzi. Watoto walijiuliza pipi imetengenezwa na nini, wakalinganisha viambato, wakaenda wasikokutarajia.

Kitu kimoja bado. Mpaka leo wanasayansi hawajakubaliana kuhusu jambo la Mpemba. Aristotle aliligusa zaidi ya miaka 2,000 kabla yake. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza, yakaja majibu zaidi ya 20,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha majaribio yao wakasema hawakuona ushahidi wa maana kwamba maji ya moto huganda mapema. Huenda, basi, mwalimu wa Iringa alikuwa sahihi kuhusu maji. Hilo halimwokoi. Kosa lake halikuwa jibu, lilikuwa kuliona swali kama upungufu wa muulizaji. Tukisema tuwasikilize wanafunzi kwa kuwa wanaweza kuwa sahihi, tutaacha kuwasikiliza siku watakapokosea, na watakosea mara nyingi, kama sisi. Tunawasikiliza kwa sababu kitu walichokiona kinastahili kupimwa.

Mpemba alikwenda Mweka kusomea wanyamapori, akafanya kazi katika fani hiyo. Jina lake la ukoo, ambalo wengi wakilisikia mara ya kwanza hudhani linamhusu mtu wa Pemba, limebaki katika vitabu vya fizikia vya dunia nzima, likitumika karibu vilevile walivyolitumia wenzake kumcheka.

Katika andalio la somo tunalojaza kila siku, mwishoni kuna nafasi ya tathmini na maoni. Wengi wetu huandika kwamba somo limeeleweka kwa asilimia kadhaa. Ningependa mkaguzi aone hapo pia mstari mmoja wa ziada: swali gani liliulizwa leo ambalo mwalimu hakuwa na jibu lake, na litapimwa lini. Wiki nzima ikipita mstari huo ukiwa mtupu, asilimia zilizo juu yake zisimfurahishe mtu.